Mguu Uliorusha Beseni

Asubuhi hiyo Chapuchapu aliondolewa kwenye kochi lake la ugonjwa ili kumpisha mgonjwa mwingine. Hakuondolewa kwa ubaya. Mama mkwe aliingia sebuleni na beseni la maji yanayofuka, nyuma yake akiwa na fundi mmoja wa kupiga lipu aliyepinda kiuno kama kulabu, akasema kwa sauti yake ileile ya upole isiyo na mlango wa kutokea, "Mwanangu, sogea kidogo pale mkekani. Huyu baba akikaa chini hatutaweza kumwinua."

"Sawa, mama," akasema Chapuchapu.

Mguu wake ulikuwa umeshashuka kwenye mito kabla pazia halijatulia. Daktari aliyemshona kano za kifundo cha mguu alimwambia waziwazi: ulale, mguu ukae juu kuliko kifua, usikanyagie, usiuchezee. Lakini daktari hakuwa na mama mkwe mle ndani. Mkwe gani atajilaza chali, unyayo ameuelekeza usoni kwa mama wa mumewe? Kwa hiyo kila pazia lilipotikisika, Chapuchapu aliushusha mguu haraka, akaketi wima, akavuta kanga magotini na kusema shikamoo. Damu ilishuka mguuni kwa kishindo, na ndani ya lile buti la plastiki lenye mikanda kukawa kunagonga kama kuna mtu kafungiwa humo anataka kutoka.

Naye mama mkwe, kila alipoingia, alimkuta mkwewe amekaa vizuri, amejifunika vizuri, anatabasamu. Akawa anawaambia majirani uani, "Anaendelea vizuri sana. Anadeka tu kidogo, ujana."

Jina la Chapuchapu alipewa kiwandani, kwenye kiwanda cha mikate, kwa sababu alikuwa anakung'uta mikate kutoka kwenye trei za moto wenzake wakiwa bado wanatafuta glovu. Sasa Chapuchapu huyohuyo alihitaji muda mrefu kutoka kwenye kochi hadi mkekani, magongo mawili yakigongana, huku fundi lipu na mama mkwe wamesimama wanamtazama, mmoja kashika kiuno, mwingine kashika taulo.

"Taratibu, mwanangu, usijeanguka," akasema mama mkwe.

"Taratibu hivyo hivyo," akasema fundi lipu, ambaye hakuwa anamjua.

Mama mkwe alikuwa mchuaji. Huko kwake watu walikuwa wakimfuata kwa miguu na kwa baiskeli, na wengine walibebwa mgongoni. Alikuja kumuuguza mkwewe, na siku ya kwanza alimuuguza kweli: alipika, alifagia, alifua. Siku ya pili alimwona Mama Pacha, mpangaji wa chumba cha pili, ameinamisha shingo upande mmoja kwa kubeba wale watoto wake wawili, akamwambia, "Hebu kaa hapa." Mama Pacha alipoinuka alikuwa anageuza shingo huku na huku kama kuku. Habari ilitembea. Tangu hapo mlango haukufungwa, sebule ikawa na harufu ya mafuta ya moto na majani yaliyochemshwa, na mgonjwa wa nyumba hiyo akawa ndiye mtu pekee asiye na mahali pa kujilaza.

Fundi lipu alilala kifudifudi kwenye kochi, uso kautumbukiza kwenye mto uliokuwa wa mguu wa Chapuchapu, akawa anaguna kwa raha.

"Mama, mikono hii ina baraka. Hapo hapo. Aaah, hapo ndipo adui alipo." Akageuza uso kupumua, macho yakatua kwenye buti. "Sasa samahani, mama, naomba niulize. Huyu binti ni nani wako?"

"Mkwe wangu. Mke wa mwanangu kinyozi."

"Na anaumwa mguu?"

"Mguu."

"Humuhumu ndani mwako?"

Vidole gumba vya mama mkwe vikasimama mgongoni kwa yule mtu. "Walikwenda hospitali bila kuniambia," akasema. "Mimi nilipopata habari, uzi ulikuwa umeshapita."

"Wakamkata!"

"Wakamkata."

"Na wewe upo hai!" Fundi lipu alisikitika kwa dhati, ungedhani amesimuliwa msiba. "Sasa mama, wengine tutakuelewaje? Sisi tunatoka mbali kuja kwako, na mkweo anachechemea sebuleni."

Hakusema kwa nia mbaya. Lakini neno lilimwingia mama mkwe, na Chapuchapu aliliona likiingia, kwa jinsi alivyoanza tena kukanda akiwa ameangalia ukutani. Yule mama alikuwa mtu mzima mwenye heshima yake. Jina lake lote lilikuwa kwenye vile vidole.

"Nitamkanda," akasema hatimaye. "Kwani nani kasema simkandi? Si ndiyo, mwanangu?"

Fundi lipu alimtazama Chapuchapu. Mwanamke mmoja aliyekuwa mlangoni akisubiri zamu yake ya goti naye akamtazama.

"Kesho, mama," akasema Chapuchapu.

Hakuwa na maana ya kesho. Alikuwa na maana ya hapana. Lakini hapana kwa mama mkwe, mbele za watu, ni neno ambalo hakuwahi kufundishwa pa kuanzia kulitamka. Ulimi wake ulilifikia, ukageuka, ukarudi na kesho. Kesho yake alisema jeraha linawasha, labda kesho. Siku iliyofuata alisema amelala vibaya. Ikafuata siku ya kichwa. Kila mara mama mkwe aliitikia, "Haya mwanangu, kesho," na kila mara wagonjwa waliokuwepo walisikia, wakaondoka wakijua kwamba kuna jambo litafanyika.

*

"Umwambie mama," akasema Chapuchapu.

Mumewe alikuwa amerudi kutoka kibandani kwake jioni, na mama yake alikuwa ameingia kuoga. Kinyozi yule alikuwa na maneno mengi huko kazini hata mteja akasahau alitaka kunyolewa mtindo gani. Mbele ya mama yake alikuwa anahesabu maneno kama mtu aliyekopeshwa.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba daktari amekataza. Kano zimeshonwa, bado hazijakamata. Zikivutwa zinaachia. Alikwambia wewe mwenyewe, ulikuwa umekaa pale unaitikia."

"Nilimwambia."

"Ulimwambia lini?"

"Nilimgusia." Akajikuna kisogo. "Akasema daktari kazi yake kukata, kuchua hakujui. Sasa hapo mimi niseme nini? Nimwambie mama yangu hajui kuchua? Mimi mwenyewe bega langu hili aliliunga yeye."

"Mimi sisemi hajui. Mgongo anaujua, shingo anaijua. Mguu huu una uzi ndani."

"Anakukanda juu juu tu. Kidogo. Aridhike, watu waone, yaishe."

"Yakishaisha, na mguu ukiisha?"

Kinyozi alitazama kwenye pazia la bafuni, maji yalikuwa bado yanamwagika. Akashusha sauti zaidi.

"Sikiliza, mke wangu. Tangu uache kwenda kiwandani, humu ndani nani analeta mboga? Mimi? Wateja wangu unawajua, wanasubiri sikukuu. Wale wanaokuja kwa mama ndio tunaokula kwao. Ukimuudhi akafunga mizigo yake, tutakula hilo buti?"

Chapuchapu alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kabisa, limekaa kooni. Lakini maji yalikatika bafuni, kandambili zikasikika, naye akaushusha mguu kwenye mito akavuta kanga magotini.

*

Msimamizi wa kiwanda alikuja kumjulia hali akiwa na mfuko wa mikate iliyovunjika, ile isiyouzwa. Kazini walimwita Nyapara, na alipenda kuitwa hivyo. Alikaa ukingoni mwa kiti akiwa tayari kuondoka.

"Chapuchapu wangu! Umekuwa Polepole sasa." Akacheka peke yake. "Bila wewe trei zinarundikana, wale mabinti wanazishika kama wanashika nyoka. Nimekuja na habari. Kuna nafasi mezani, ya kufunga mikate kwenye mifuko. Unakaa kwenye kiti kutwa. Nimesema nafasi hii ni yako."

"Ahsante sana. Mwenyezi akuzidishie."

"Ngoja kwanza. Mwenye kiwanda ana shemeji yake, na huyo shemeji ana binti. Ananipigia simu kila asubuhi. Naweza kumzungusha mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo sina uwezo. Utakuwa tayari?"

"Nikienda kwa daktari nikimkuta ameridhika, naja na buti langu hivi hivi. Wataniruhusu?"

"Buti halina neno. Ilimradi usije na plasta, ile ngumu ya chokaa. Kulikuwa na dereva mmoja alikuja na mkono wa plasta, akawa anamwaga unga kila anapopita, mwenye kiwanda akasema unga wake unatosha, hataki mwingine." Akainuka. "Mwisho wa mwezi, mdogo wangu. Jitunze."

Mama mkwe alikuwa amesimama kati ya sebule na uani akipepeta majani yake, na alisikia kila kitu. Alimsindikiza Nyapara mpaka mlango wa nje. Aliporudi, uso wake ulikuwa umechangamka.

"Kumbe kazi inakusubiri! Na wewe unakaa kimya, unasema kesho, kesho. Mwanangu, hatuna muda. Mguu huu lazima usimame kabla ya mwisho wa mwezi. Kesho nakukanda, na isiwe kesho ile yako. Iwe kesho yangu."

Alisema kwa upendo. Hilo ndilo lililomkata Chapuchapu maini. Angekuwa mtu mbaya, pengine angepata hata hasira ya kumjibia.

*

Siku hiyo kinyozi alifunga kibanda mapema. Alikuja na shati la kutokea, kana kwamba kuna sherehe. Fundi lipu alikuwepo, amenyooka, amekuja kushukuru na kushuhudia. Mwanamke wa goti alikuwepo. Mama Pacha alikuwepo, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani. Wengine wawili watatu walisimama mlangoni wakiziba mwanga.

"Tunasogea wapi?" aliuliza Chapuchapu, ingawa hakuna aliyesema wasogee.

"Hapo hapo kwenye kochi," akasema mama mkwe. "Leo kochi ni lako."

Kinyozi alikaa nyuma ya mkewe, akamwekea mikono mabegani. "Nakushikilia tu," akamnong'oneza.

"Unishikilie kwa nini? Naenda wapi?"

"Usiyumbe."

"Mume wangu, mwambie."

"Dakika chache tu. Vumilia."

"Mwambie sasa hivi. Yupo hapo."

Mikono ya mumewe ilikaza kidogo, ikabaki hapo. Chapuchapu alitazama mlangoni: watu. Alitazama dirishani: kichwa cha mtoto wa jirani. Kwenye ulimi wake alitafuta kesho nyingine, hakukuwa na hata moja iliyobaki.

Mama mkwe alipiga magoti. Mtu mzima yule, mwenye miguu yake inayomuuma, alipiga magoti sakafuni mbele ya mkwewe, na aibu ya jambo hilo peke yake ilitosha kumfunga Chapuchapu mdomo. Mikanda ya buti ilifunguliwa mmoja mmoja, ikilia kama nguo inayopasuka. Mguu ukatoka. Ulikuwa mwembamba, umepauka, una kovu jekundu lililopinda kwenye kifundo.

"Masikini!" akasema mwanamke wa goti.

"Wameushona kama gunia," akasema fundi lipu.

"Nyamazeni," akasema mama mkwe.

Alikuwa na mikono mizuri. Chapuchapu hakuweza kulikana hilo. Kitambaa cha moto kilipokaa juu ya wayo, na vidole vilipopanda polepole kwenye nyama ya mguu iliyokuwa imekauka kwa kulala, alihisi usingizi ukimjia, na kwa muda alifikiri labda mumewe amesema kweli, labda ni juu juu, watu wataona, yataisha. Mama mkwe alifumba macho. Alikuwa anasikiliza kwa ncha za vidole, na uso wake ulitulia kama wa mtu anayesali.

"Hapa pamekaza," akasema. "Hapa ndipo. Wameacha fundo."

"Mama, hilo si fundo, hapo ndipo palipo..." alianza Chapuchapu.

Kidole gumba kiliingia chini ya mfupa. Mkono wa pili ulishika unyayo, ukaugeuzia ndani.

Hakuamua kupiga teke. Mguu ulijipigia wenyewe. Uliondoka mikononi mwa mama mkwe kama kitu kilichoungua, ukalikumba beseni, na beseni likaruka. Maji ya majani yalimwagikia Mama Pacha na pacha wa mapajani, yakalowesha pazia, yakafika kwenye viatu vya waliosimama mlangoni. Beseni lilizunguka sakafuni likilia, likazunguka, mwisho likanyamaza.

Pacha ndiye aliyeanza kulia. Chapuchapu alikuwa amefungua mdomo, hewa haiingii wala haitoki, machozi yanateremka, na moyoni akajisemea, sasa wamejua. Sasa hata kama sikusema, wamejua.

"Umerusha!" akapiga kelele fundi lipu.

"Eeh!" akasema mwanamke wa goti. "Mguu uliokuwa hauinuki!"

"Jamani, mguu umerusha beseni!"

Mmoja mlangoni alipiga makofi, na wengine wakafuata. Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti, maji yanamtiririka kwenye mikono. Kwa muda mfupi sana macho yake yalikutana na ya mkwewe, na Chapuchapu aliona mle ndani shaka, shaka kabisa, ya mtu aliyehisi kitu kikivutika mahali kisipopaswa. Kisha makofi yakamfikia. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Damu iliyoganda imefunguka. Na hayo machozi mwacheni alie, ni maumivu yanatoka. Bado mara mbili hivi. Tutarudia akishatoka kwa daktari."

"Pole mke wangu," akasema kinyozi, akamkanda mabega kidogo, kama anavyowafanyia wateja akishamaliza kuwanyoa. "Umeona? Imekwisha."

Watu walipotoka, Mama Pacha alibaki akikamua gauni lake mlangoni. Mama mkwe alikuwa uani akipokea shukrani.

"We, niambie mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Uliumia?"

"Sana."

"Mbona hukusema?"

"Nimesema," akajibu Chapuchapu. "Kwa mguu. Wakanipigia makofi."

*

Siku ya daktari kinyozi alimsindikiza. Njia nzima alimshika kiwiko kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuonyesha hata siku ya harusi yao, alimwambia pole kwenye kila kizingiti, na hakugusia mguu. Mguu ulikuwa umevimba tangu siku ya beseni. Ukingoni mwa kovu palikuwa na rangi ya zambarau iliyokuwa ikishuka kuelekea kwenye kisigino.

Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alifungua buti, akatazama, akabonyeza, akamtazama Chapuchapu usoni.

"Umeanguka?"

Chapuchapu alivuta kanga magotini.

"Aliteleza kidogo," akasema kinyozi haraka. "Bafuni. Unajua mabafu yetu haya, daktari."

Daktari aliandika. Chapuchapu aliitazama kalamu ikitembea, ikiandika kwamba aliteleza. Alifikiria jinsi neno hilo lilivyokuwa jepesi, na jinsi watakavyorudi nyumbani wote wamenyamaza, na mama mkwe atawasha moto, atauliza, daktari kasemaje, haya, sogea hapa.

"Sikuteleza," akasema.

Kalamu ikasimama.

"Mke wangu," akasema kinyozi.

"Sikuteleza, daktari. Mama mkwe wangu ni mchuaji, aliuchua. Aliukunja kwa ndani. Mume wangu alinishika mabega." Alikuwa anaitazama meza, lakini maneno yalitoka yote, moja baada ya jingine, kama mikate kwenye trei. "Na amesema tukitoka hapa atarudia."

Daktari hakumtazama kinyozi. Aliushika mguu upya, mkono mmoja kwenye muundi, mwingine kisiginoni, akauvuta polepole mbele, akasikiliza. Chapuchapu aliuma kanga.

"Bado zinashika," akasema hatimaye. "Una bahati. Zimevutika, hazijaachia. Zikivutwa tena namna hiyo, zitaachia, na mara ya pili kuzishona si kama mara ya kwanza." Akakaa. "Kwa mguu huu wenyewe buti linatosha. Ukitulia nao, mwisho wa mwezi unaweza kwenda kukaa kazini. Hiyo ndiyo njia nzuri."

"Daktari," akasema Chapuchapu, "naomba unifunge plasta."

"Nimesema huihitaji. Itakuchelewesha. Utakaa nayo wiki nyingi, mguu utakauka zaidi, utaanza upya."

"Ile isiyofunguka."

"Kwa ajili gani?"

"Si kwa ajili ya mguu," akasema Chapuchapu.

Hapo ndipo daktari alipomtazama kinyozi. Alimtazama kwa muda, bila ukali, jinsi alivyoutazama mguu. Kinyozi aliinuka kwenye kiti, akakaa tena.

"Haitafika huko," akasema. "Daktari, usimfunge. Kuna kazi inamsubiri, wakimwona na plasta hawampokei. Mama nitamwambia mimi."

"Mpigie," akasema Chapuchapu.

"Tukifika nyumbani nitamkalisha chini, nitamweleza vizuri."

"Mpigie sasa. Simu unayo."

Daktari alimwita muuguzi, akamwagiza alete bandeji za plasta na maji. "Nitaziweka hapa," akasema. "Sijazilowesha. Nenda kaongee na mama yako."

Kinyozi alitoka na simu, mlango ukabaki wazi kidogo. Mle ndani sauti yake ilisikika vizuri kutoka kwenye baraza.

"Shikamoo mama... Tumefika salama, mama... Ndiyo, tumeshaonana naye... Anakusalimu... Eeh... Mama, nilikuwa nataka... Nani? Yule wa lipu? Kaja tena?... Ahaa, kaleta na mkewe... Sawa mama... Hapana, hatujala... Mama, sikiliza, kuhusu ule mguu... Eeh, daktari anasema unaendelea vizuri... Ndiyo... Ndiyo, mikono yako, mama, nani atakataa?... Haya... Mafuta ya kuchulia?... Haya mama, tutakuja nayo... Haya."

Muuguzi alikuwa anajishughulisha na kifuniko cha ndoo. Daktari alitazama dirishani.

Kinyozi aliingia, akafunga mlango nyuma yake kwa utaratibu. Paji la uso lilikuwa linang'aa kwa jasho.

"Mama anakusalimu," akasema. "Anasema pole sana."

"Umemwambia?"

Alifungua mdomo. Huko kibandani kwake asingekosa la kusema. Angepata mfano, angepata kichekesho, mteja angeondoka ameridhika na amenyolewa vibaya. Hapa aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake kama vile ndiyo iliyoulizwa.

"Nitamwambia," akasema. "Wakati ule kulikuwa na watu."

Chapuchapu alikunja kanga mpaka gotini, akanyoosha mguu juu ya kitanda cha daktari, unyayo ukiwa umemwelekea mumewe usoni. Aliifikiria meza ya kufungia mikate, na kiti, na binti wa shemeji akikaa juu ya kile kiti. Alikifikiria mpaka mwisho ili asije akakifikiria tena.

"Lowesha, daktari," akasema. "Na uifanye nene."